Pipeti Moja

Maabara ya shule ilikuwa na pipeti moja tu nzima, na mikondo yote ya kidato ilifyonza hiyo hiyo. Ilipomfikia Sekela, ncha ya ule mrija wa kioo ilikuwa bado ina utelezi wa mate ya darasa la asubuhi. Aliifuta kwa sketi, akaifuta tena, akafumba macho na kufyonza. Soda ya maabara ikampita kipimo, ikamjaa mdomoni, chungu kama sabuni. Akaitema kwenye sinki huku kichefuchefu kikimpanda.

Lakini alirudia, akapima. Akadondosha asidi tone kwa tone mpaka maji ya manjano kwenye chupa yakageuka rangi ya chungwa, kisha akaandika namba aliyoisoma.

Alipoinua kichwa aliwaona wenzake wamekaa, chupa zao kavu, wakinakili namba iliyokuwa ubaoni.

"Mbona jibu lako si hili?" Mwalimu Kihwele akamuuliza.

"Ndilo nililopima, Mwalimu."

"Nani amekwambia upime? Nimeshawapimia. Na Jumatatu, kwenye mtihani wenyewe, nitawapimia vilevile. Futa hiyo."

Nuhu, jirani yake wa meza, akamsogezea kifutio bila kumtazama.

Sekela aliutazama ubao. Kichefuchefu kikampanda tena, kile kile, ila safari hii hakuwa na cha kutema. Akakirudisha kifutio kwa Nuhu. Akaichukua pipeti, akaitia mdomoni bila kuifuta.