Mzimu wa Kwenye Kioo

Binti yangu ameshafunga begi. Anahamia kwa shangazi yake, eti kioo cha kabati lake kina mzimu mweupe.

"Nipe nafasi moja tu, mama," namwambia.

Kwenye darasa langu la jioni la upigaji picha tumefundishwa kupiga picha mbili za mahali pamoja, ya pili kamera umeisogeza kidogo, kama upana wa macho mawili. Ukizitazama pamoja kwa miwani maalumu, kila jicho na picha yake, cha mbele kinakaa mbele na cha nyuma kinarudi nyuma.

Za kioo hicho nimezipiga nikiwa nimelaza kichwa kwenye mto wake. Sasa naziangalia. Mzimu haujabandikwa kwenye kioo. Umezama ndani kabisa, mbali kama mlango wa chumba changu, ng'ambo ya korido, ulivyo mbali na kabati. Basi kioo kinaonyesha tu kitu kilichoko mlangoni pale, na pale ndipo ninapotundika koti langu jeupe nikitoka hospitali.

Nampa miwani. Anatazama weee, kisha ananikazia macho.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni koti tu, mwanangu. Nalitoa sasa hivi."

"Ulipeleke wapi? Liache hapo hapo!" Tayari anafungua begi. "Ila shangazi umwambie wewe. Mimi naona aibu."