Maiti wa Ishirini na Tatu

Mtu wa kumi na tisa alikufa wakati mama mwenye nyumba akimenya viazi. Malenga akachora kijistari kwenye daftari lake, akabetua midomo.

"Huyu naye kapigwa risasi ya bega, kashika tumbo," alisema. "Mama, hawa watu hata miili yao hawaijui."

"Mm," alijibu mama, macho kwenye runinga.

Filamu ilikuwa *Risasi Haina Rafiki*, sehemu ya pili. Ya kwanza ilikuwa jipu. Hii ndiyo usaha wake. Mwaka jana iliwatesa watu sinemani, na wiki hii ilikuwa imetolewa kwenye diski ili wateseke majumbani mwao. Mhariri wa gazeti alimtupia Malenga kasha la diski hiyo mezani. "Iponde," alimwambia. "Nikicheka mara tatu, safu ya filamu ni yako kila Jumamosi. Nisipocheka, rudi kwenye kadi zako za harusi." Makala yalitakiwa kabla ya saa kumi alasiri.

Malenga, jina alilojipa mwenyewe, alijifunza kutunga peke yake, kwa kuhesabu mizani vidoleni, wala hakumjua aliyemzidi. Kilichompungukia ni runinga. Mama mwenye nyumba alikuwa nayo, lakini miezi mitatu tangu Malenga ahamie chumba cha uani, hakuwahi kumruhusu mpangaji yeyote aiguse, hata siku ya fainali. Leo alilitazama lile kasha kwa muda mrefu, akajifuta mikono.

"Ingia, baba. Tutaitazama sote."

Runinga ilikaa juu ya meza ya cherehani, imegeuzwa upande, ikabidi Malenga atazame kwa kupinda shingo. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Humo aliishi mwana mkubwa wa mama, ambaye Malenga hakuwahi kumwona. Alichomjulia ni redio yake tu, iliyoimba kutwa kucha. Leo ilikuwa kimya. Alipoinuka arudishe mlango, mama akamzuia.

"Uache tu, hewa ipite."

Shujaa wa filamu akaua wa ishirini, wa ishirini na moja, wa ishirini na mbili, kwa bastola isiyoishiwa risasi. Jeraha lake lilihama kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, kama mpangaji anayekimbia kodi. Malenga aliandika hilo, akacheka peke yake.

Ndipo akaja wa ishirini na tatu. Jambazi kijana mwenye shati jekundu, asiyepewa hata neno moja la kusema, alipanda ngazi za nje za jengo linaloendelea kujengwa, akiruka vidato viwili viwili. Juu kabisa shujaa akamsukuma. Akaanguka ghorofa tatu.

"Gunia la viazi!" alipiga kelele Malenga.

Jambazi alitua vibaya, mguu mmoja umekunjika chini yake. Akatoa ukelele mfupi, kama mtu aliyesahau maneno yake. Kisha, badala ya kufa kama alivyolipwa, akainua mkono taratibu na kuitazama kamera, mpaka picha ikakatwa.

"Maiti anatupungia! Mama, umeona? Huyu ndiye mbovu kuliko wote."

Kisu cha mama kilikuwa kimekwama katikati ya kiazi. "Rudisha kidogo, mwanangu. Pale anapopanda ngazi."

Malenga akarudisha. Akaombwa tena. Mara ya tatu alichelewa kusimamisha, kijana akaanguka upya, na mama akageuza uso ukutani. Kumbe anapenda damu, alijisemea Malenga, halafu anaona haya! Akaandika: *Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye viazi mapajani, aliomba mara tatu arudishiwe mtu anayeanguka. Filamu hii imempata mteja wake.*

Maiti walikoma kwenye thelathini na moja. Kila makala yake Malenga aliyafunga kwa ubeti, na ubeti wa leo ulimjia bila jasho. Akaichapa kazi yote kwenye simu, akaituma robo saa kabla ya muda. Dakika kumi hazikupita, simu ikalia. Mhariri alikuwa akicheka hata maneno yakamtoka vipande vipande.

"Yule mama wa viazi! Na ule ubeti, wewe kijana, ule ubeti! Safu ni yako. Kesho inatoka."

Malenga akaruka juu, nusura ang'oe pazia. Hakuweza kujizuia. Akasimama katikati ya sebule, akakohoa kidogo kama mtu aliye jukwaani, akaughani kwa sauti ya kusikika mpaka uani:

*Mwigizaji wa ghorofa, kuanguka hakujua,*
*Kalipwa apate kufa, nalo limemsumbua,*
*Lami kaifanya sofa, na mkono kainua,*
*Arudishwe kwa mamaye, akafunzwe kutembea!*

"Eh, mama? Unasemaje?"

Mama hakucheka. Aliweka sufuria ya viazi chini, akanyoosha mkono, akaomba rimoti. Akairudisha filamu mwenyewe, taratibu, hadi kwenye ngazi, shati jekundu likiwa hewani kati ya kidato na kidato. Kisha akaishika runinga kwa mikono miwili, akaigeuza zaidi kuelekea mlango wa ndani.

"Unaiona vizuri kutoka hapo kitandani?" aliuliza.

"Naiona, mama," ilijibu sauti ya kiume. "Iache hapo hapo. Kumbe nilikuwa nakimbia hivyo?"