Mstari wa Shekue

Mjini waliotalikiana hawakuruhusiwa kuonana: simu ziliwaelekeza njia tofauti, na milango iliwaficha mmoja kwa mwenzake. Shekue alikuwa ameahidi kuja mwenyewe kumrejea Mwanahawa kabla eda haijaisha. Eda ilikuwa inaisha kesho. Mwanahawa akachomeka kipokezi cha redio kwenye kompyuta ya sebuleni, akatoa antena dirishani na kuyatafuta masafa ya simu ya Shekue.

“Shoga, mume hatafutwi kwa antena,” Salha, jirani yake, alimtania.

“Mlango nauuliza kila jioni, unasema hajaja. Redio haina wa kumficha.”

Mstari mwembamba ukajitokeza kwenye skrini. Kadiri simu ilivyokaribia, mstari ulinenepa, hadi ukalingana na ule wa simu ya Mwanahawa iliyokuwa pale mezani. Salha akaacha kucheka.

“Yuko kizingitini,” Mwanahawa alisema. Akajitanda ushungi, akaenda mlangoni. “Fungua.”

“Nje hakuna mtu, Bi Mwanahawa,” mlango ukajibu kwa upole, kama ulivyojibu kila jioni.

Akaubisha kwa ndani, kwa viganja vyote viwili. Nyuma yake, kwenye skrini, mstari ukaanza kukonda.