Mikono ya Moto

Saluni ziliruhusiwa kufunguliwa wakati wa maradhi kwa sharti moja: msusi asimguse mteja. Mwasiti aliketi nyuma ya kioo, akiendesha mikono ya chuma iliyosuka mistari ya twende kilioni iliyonyooka kama rula. Hakuna aliyeambukizwa.

Hata mwanawe, Tunu, aliyezaliwa katikati ya maradhi hayo, hakuwahi kusukwa vinginevyo. Jumapili moja Mwasiti akasema liwe liwalo, leo atamsuka kwa vidole vyake. Akatandika mkeka, akambana katikati ya magoti kama mama yake alivyokuwa akimbana yeye.

Alipomgusa utosini, mtoto akaruka.

"Mama, mikono yako ya moto! Unaumwa?"

"Mkono wa mtu ndivyo ulivyo, mwanangu. Hebu rudi hapa."

Tunu akarudi. Mwasiti akasuka mstari wa kwanza taratibu mpaka kisogoni, ndipo akagundua kwamba mtoto alikuwa amebana pumzi.

Akaanza wa pili.