Majina Mekundu

Zuleikha aliufungua waraka kwenye kompyuta ya duka la uchapaji, kisha akasogeza kiti nyuma kama aliyekuta panya kwenye gunia la mchele.

Ilikuwa barua ya posa. Maneno yake matamu: "Tunamwomba binti yenu, ambaye adabu yake imetufikia kabla ya sura yake, aolewe na kijana wetu." Lakini baada ya "binti yenu" yalijipanga majina manne mekundu, kila moja limepigwa mstari katikati. Wanu. Badriya. Lamya. Basma.

"Bi mkubwa, mbona humu mna majina ya watu?"

"Majina gani tena?" Bi Zeyana, mteja aliyeleta flashi, alikuwa akijipepea kwa ncha ya mtandio. "Mtoto wa kaka yangu kaitengeneza kwenye kompyuta yake, kule safi kabisa. Jina la msichana hatukulitia. Tutalitaja kwa mdomo. Mahasidi wengi, mwanangu."

Safi! Zuleikha alicheka kwa pua. Kompyuta ya duka ilikuwa ya mfumo mwingine na programu nyingine, ile ya bure. Yaliyofutwa na kufichwa kwengine, hapa hutoka nje.

Wasichana wanne, na adabu ya wote imefika kabla ya sura! Mate ya kinyaa yalimjaa mdomoni. Akamfikiria huyo Wanu, jina moja na wifi yake, akashukuru kwamba wifi yake alimpata Usi, kaka yake, mtu msafi.

Na yeye Ijumaa ilikuwa zamu yake. Munir alishamwahidi kuleta wazee wake. Miaka miwili wamesubiriana, na baba yake Zuleikha alikuwa mtu wa neno moja: akisema la, hapana wa kumrudisha.

Kubonyeza mara moja tu kungeyaficha yale majina. Hakubonyeza. Wazazi wa huyo maskini na wajionee wenyewe.

Akaichapa barua, akaikunja kwa ncha za vidole kama anayeokota nguo ya ndani ya mtu, akaitia kwenye bahasha yenye waridi la dhahabu na kuifunga kwa gundi.

"Mungu akujaalie nawe mume mwema," alisema Bi Zeyana.

"Amin."

Ijumaa, baada ya Laasiri, wageni walikaa ukumbini. Zuleikha alichungulia nyuma ya pazia. Kwanza aliliona waridi la dhahabu mkononi mwa baba yake. Halafu akamwona Bi Zeyana.

Kumbe mchafu mwenyewe ni Munir!

Baba alisoma, akasimama.

"Wanne mshawakata, wangu awe wa tano? Mwanangu si muhogo wa kupekuliwa sokoni! Tokeni. Na kijana wenu asiukanyage tena mlango huu."

Bi Zeyana alitoka akilia, haelewi kosa lake. Nyuma ya pazia, Zuleikha akatema mate kwenye leso.

Usi akaiokota karatasi sakafuni. Akaisoma, akakunja uso, akamwita mkewe.

"Wanu, njoo uone. Hii si ile barua yangu niliyokuposea? Wenzangu wote waliiazima, kila mmoja akabadilisha jina tu. Munir nilimpa juzi."