Wimbo wa Mbwilo

Mbwilo alikaa benchi, magoti yakimuuma kana kwamba ni yeye aliyekuwa akikimbia. Msimu huu kocha alijaza timu wachezaji waliohamia kutoka vyuo vingine, na hatimaye chuo kilikuwa kinashinda. Mbwilo alibakiwa na kazi ya kuwapelekea maji.

Shamte, mhamiaji aliyechukua nafasi yake, akafunga bao. Jukwaa zima likasimama. Wanafunzi wakaimba wimbo wao wa kila bao, ule waliomtungia Mbwilo zamani, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha jina.

“Mbwilo, wape! Mbwilo, wape tena!”

Shamte akaja pembeni ya uwanja akihema, akapokea chupa.

“Mkongwe, huyo Mbwilo wanayemwimba ni nani?”

Wageni wote walimwita hivyo, Mkongwe. Hakuna aliyewahi kumuuliza jina.

“Alikuwa anacheza hapa,” Mbwilo alisema. “Kunywa basi, wanaanza.”

Shamte akanywa, akarudi mbio uwanjani huku akiwapungia mkono waimbaji. Nao wakazidisha sauti. Mbwilo akabaki na chupa tupu mkononi, na mguu wake, bila kuambiwa, ukaanza kufuata mdundo.