Ndoo Nyuma ya Pazia

"Hapa upendeleo hauna hata pa kuweka mguu," Mwalimu Mizani aliwaambia wazazi, akiigonga ndoo ya plastiki kama mtu anayejaribu ngoma. "Mtoto anaingia kwa mlango wa nyuma, anajificha kwenye pazia, anaongelea ndani ya ndoo. Hata mama yake mzazi hamjui!"

Wazazi wakacheka. Na kweli, kwenye ndoo sauti zote zilikuwa moja: mbuzi mwenye mafua.

Jina la Mizani alipewa na wanafunzi, naye alilipenda kuliko lile la kuzaliwa. Lakini mwaka jana lilimtia aibu. Nyota ya shaba ya mwanafunzi bora ilikwenda kwa binti yake mihula miwili mfululizo, mpaka mzazi mmoja akauliza mkutanoni kama nyota hiyo imeshawekewa kitanda kwa mwalimu.

Basi akaupindua utaratibu mzima. Alama kando. Mikondo yote ishindane kwa kusimulia, mada iwe mtu ninayejivunia, na makofi ya wazazi yaamue.

Binti yake alikuwa nje, kwenye foleni na wenzake. Tangu maneno yale, baba hakumsifu tena darasani, na shuleni alishamkataza kumwita Baba. Leo angeipata nyota kwa haki, au aikose mbele ya watu wote.

Mkewe alikaa safu ya mbele. Ndiye aliyeomba shughuli iwe Jumatano.

"Jumanne ana masomo ya ziada," alimnong'oneza jirani yake. "Anarudi tumeshalala. Huyu ni mwalimu wa watu, shoga, si wangu."

Wa kwanza alijivunia bibi yake. Wa pili, kipa wa timu ya mtaani. Wa tatu akakohoa kwanza, ndoo ikanguruma.

"Najivunia baba yangu. Akivua viatu hupiga mluzi, na wimbo wenyewe haufiki mwisho hata siku moja."

Mke wa mwalimu akaangua kicheko. "Ndiye huyo huyo!"

"Mkate anakula ganda, katikati ananiachia mimi. Ila shuleni hataki nimwite Baba. Anataka Mwalimu. Naitikia tu, lakini naumia, maana nataka wenzangu wajue kwamba ni wangu."

Darasa zima likalipuka kwa makofi.

"Mpe mtoto nyota yake, Mizani!" alipaza sauti yule yule mzazi wa kitanda. "Hii ni halali!"

Mwalimu alitafuta leso mfukoni, hakuiona, akajifuta kwa mkono wa shati. Kumbe mtoto alikuwa ameyabeba yote hayo kimya kimya. Akaichukua nyota, akalisogelea pazia, na kwa mara ya kwanza ndani ya shule ile hakujali nani anasikia.

"Toka, mwanangu," alisema. "Toka watu wakuone. Na uniite Baba."

Pazia likatikisika.

"Kweli, Baba?" ndoo ikauliza. "Hata kama leo si Jumanne?"

Safu ya mbele, mikono ya mkewe ikabaki hewani, haijakutana.

Mlango wa nyuma ukafunguka kidogo, na binti yake akachungulia.

"Samahani, Mwalimu. Zamu yangu bado?"